Kitabu Kilichotuvunja Moyo: Kosa ni la Nani?

Yapo malalamiko ambayo tumeyasikia mara nyingi walimu wanapokutana, na ambayo tusipoyajibu yatageuka kuwa kanuni ya kufundishia. Malalamiko yenyewe ni haya: kwamba mwandishi aliyekwisha kuwapa wasomaji wake hadithi nzuri hana ruhusa ya kurudi baadaye na kuwapa mwendelezo usiofanana nayo, na kwamba akithubutu kufanya hivyo, amewasaliti. Mfano unaotolewa mara kwa mara na wale wenzetu wasomao riwaya za Kiingereza ni wa Ursula K. Le Guin, mwandishi wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1929 na kufariki mwaka 2018, na kitabu chake cha nne juu ya visiwa vya Earthsea, kiitwacho Tehanu. Husemwa kuwa vitabu vitatu vya mwanzo ni lulu, na hiki cha nne ni kokoto. Mwenzetu mmoja alifika hata kushauri kwamba katika rafu ya vitabu vya wanafunzi viwekwe vile vitatu tu, cha nne kiachwe nje, ili ladha ya watoto isiharibike.

Sisi hatuafiki rai hiyo. Hatusemi kwamba Tehanu ni kitabu kisicho na ila. Ila kinazo, nasi tutazitaja mahali pake. Tunachokataa ni mantiki ya hukumu yenyewe. Msomaji aliyevunjika moyo hajathibitisha bado kwamba kitabu ni kibovu. Amethibitisha tu kwamba alitarajia kitu kingine. Baina ya mambo hayo mawili pana mwendo mrefu, na kazi ya mwalimu wa fasihi ni kumtembeza mwanafunzi mwendo huo, si kumwambia kwamba amekwisha kufika.

Kwa faida ya wale ambao hawajavisoma vitabu hivi, tutaeleza kwa ufupi. Cha kwanza, A Wizard of Earthsea, kilitoka mwaka 1968. Cha pili, The Tombs of Atuan, mwaka 1971. Na cha tatu, The Farthest Shore, mwaka 1972. Dunia yake ni dunia ya visiwa vingi, na uwezo wa mtu humo hutegemea lugha: ajuaye jina la kweli la kitu katika Lugha ya Kale ndiye akitawalaye kitu hicho. Hatudhani kwamba yuko mwalimu wa lugha asiyevutwa na wazo kama hilo. Katika kitabu cha kwanza, Ged, mtoto wa mfua shaba wa kisiwa cha Gont, anapata elimu ya majina na kwa kiburi chake anafungulia kivuli kinachomwandama hata mwisho wa bahari. Katika cha pili, Tenar, msichana aliyechukuliwa utotoni kuwa kuhani wa makaburi ya Atuan, anamwokoa Ged gizani na kujiokoa mwenyewe. Katika cha tatu, Ged, ambaye sasa ni mkuu wa wenye elimu hiyo wote, anavuka nchi ya wafu pamoja na mwana wa mfalme, anaziba ufa uliokuwa ukiinyonya dunia uhai, na katika kuuziba anamaliza uwezo wake wote. Kijana anapata ufalme. Ged anarudishwa kwao mgongoni mwa joka.

Kuna jambo jingine lililotufanya wengi wetu tuvipende vitabu hivi. Watu wa visiwa hivyo, walio wengi, si weupe. Ged ana ngozi ya rangi ya shaba; Vetch, rafiki yake wa dhati, ni mweusi; weupe ni Wakargad, ambao tunakutana nao kwanza wakiwa wavamizi. Mwandishi aliamua hivyo kwa makusudi, na mwaka 2004 televisheni ya Marekani ilipomwonyesha Ged kuwa kijana mweupe, alipinga hadharani. Tuliposoma habari hizo tulimsifu. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa maana tutalirudia.

Sasa basi, miaka 18 ikapita, na mwaka 1990 kikatoka Tehanu. Je, msomaji aliyengoja muda wote huo alikuta nini? Alimkuta Ged hana uwezo wowote: mgonjwa, mwenye haya, anayejificha wajumbe wa mfalme wanapomtafuta ili wampe heshima, kisha anapanda mlimani kuchunga mbuzi. Alimkuta Tenar akiwa mwanamke wa makamo, mjane wa mkulima, analea mtoto wa kike aitwaye Therru, ambaye watu wake mwenyewe walimtenda unyama na kumwachia motoni hata akaungua upande mmoja wa uso na mkono. Safari ndefu ya baharini hakuna, vita hakuna. Kuna kupika, kufua, kukamua mbuzi, kushona nguo ya mtoto, na hofu ya mwanamke anayesikia nyayo za wanaume nje ya mlango usiku. Aliyekuja kutafuta majoka anamwona joka mwanzoni akimleta Ged, kisha humwona tena mwishoni kabisa.

Nasi tukiri. Tulipokisoma mara ya kwanza, tulikifunga kabla ya kufika nusu. Tulisema maneno yaleyale wanayoyasema wenzetu leo, pengine kwa ukali zaidi. Kilichotufanya tukifungue tena ni somo la Kiswahili.

Huku kwetu Uganda wanafunzi wengi hukutana na Kiswahili darasani kabla ya kukutana nacho mahali pengine, na mojawapo ya mazoezi tunayoyapenda ni kuwasimulia hadithi kidogo kidogo, wiki kwa wiki, ili masikio yao yazoee mtiririko wa lugha. Muhula mmoja tuliwasimulia hadithi ya Ged. Haikuchukua muda kabla hatujakwama penye neno. Je, mtu kama Ged aitwe nani kwa Kiswahili? Tukamwita mganga, na mwalimu wake, mzee Ogion, tukamwita mganga pia. Lakini mtu wa kwanza kabisa kumfundisha Ged jina la kitu alikuwa dada ya marehemu mama yake, mwanamke wa kijijini. Huyu, kwa kuwa Kiingereza kina neno jingine kwa mwanamke mwenye elimu hiyo, tulimwita mchawi. Tulifanya hivyo bila kufikiri, kama mtu afuatavyo kamusi.

Wanafunzi wetu, wengi wao wakiwa wasemaji wa Luganda, walilielewa neno hilo papo hapo, maana wanaye omulogo, anayedhuru, na wanaye omusawo, anayeponya. Binti mmoja akanyosha mkono. “Mwalimu,” akasema, “huyu mama alimwita mbuzi aliyekuwa juu ya paa, mbuzi akashuka. Amemroga nani?” Hatukuwa na jibu. Tulipomaliza kitabu cha tatu, binti huyohuyo akauliza tena: “Na Tenar alikwenda wapi?” Hapo pia tulikwama, kwani kitabu cha tatu hakina habari zake ila kumtaja kwa mbali. Tukamwambia kwamba hadithi imekwisha. Akajibu kwa adabu kwamba imekwisha kwa Ged.

Tuliporudi nyumbani tulikitafuta kile kitabu tulichokuwa tumekitupa. Tukaona kwamba maswali mawili ya mwanafunzi yule ndiyo maswali ambayo Tehanu kinayauliza kutoka ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: kwa nini elimu ileile huitwa hekima mikononi mwa mwanamume na uovu mikononi mwa mwanamke, na ni kitu gani humpata mtu ambaye hadithi ilimtumia kisha ikamwacha njiani.

Sasa tuyapime madai ya wenzetu, moja baada ya moja.

Dai la kwanza ni kwamba mwandishi aliivunja dunia aliyoijenga mwenyewe. Tunauliza: alivunja kanuni gani? Shule ya kisiwa cha Roke ilikuwa ya wavulana tangu kitabu cha kwanza. Methali ya visiwani inayodunisha uganga wa wanawake ilikuwamo tangu kitabu cha kwanza. Mwandishi hakuongeza nguzo wala hakung'oa. Alihamisha taa tu, na ile pembe tuliyozoea kuipita gizani ikaonekana. Wakuu wa Roke wanapotafuta mkuu mpya, wanapewa ishara ya mwanamke wa Gont. Nao, kwa kuwa haiwaingii akilini kwamba ishara hiyo yaweza kumhusu mwanamke mwenyewe, wanadhani labda ni mama au dada wa mwanamume wanayemtafuta. Je, hapa mwandishi ameivunja dunia yake, au ameifuata hadi mahali ilipokuwa ikielekea?

Fauka ya hayo, wenzetu hulalamika kwamba Tehanu kimemnyang'anya Ged uwezo wake. Huko ni kusahau. Uwezo wa Ged ulikwisha katika kitabu cha tatu, kile wanachokiita lulu. Tofauti ni kwamba kitabu cha tatu kinauonyesha mwisho huo katika utukufu, joka likipaa na watu wakishangilia mfalme mpya. Ilhali cha nne kinamfuata mtu yule hadi asubuhi ya pili, anapoamka hana kazi, hana cheo, wala hajui amwangalie vipi mwanamke aliyemfahamu zamani. Hadithi nyingi hutuaga kwa kusema kwamba watu waliishi raha mustarehe. Mwandishi huyu alikataa kutuaga kwa maneno hayo. Tukikasirika kwa hilo, hasira yetu ni ya mtoto aliyezuiwa usingizi.

Dai la pili ni kwamba kitabu kimeingiza siasa ya wanawake mahali ambapo palikuwa na hadithi tupu. Hapa ndipo tunapoomba lile jambo la rangi likumbukwe. Mwandishi alipowaweka watu wa rangi ya shaba na weusi katikati ya masimulizi, zama ambazo mashujaa wa vitabu vya namna hiyo walikuwa weupe karibu wote, hakuna mwenzetu aliyesema kwamba hiyo ni siasa. Tulisema kwamba ni haki, na tulisema kweli. Lakini mkono ulioiona dhulma moja ulikuwa umeipita nyingine, na mwandishi mwenyewe alilitambua hilo. Katika mhadhara alioutoa Oxford mwaka 1992 alieleza kwamba vile vitabu vya mwanzo alivitunga ndani ya mapokeo ya hadithi za mashujaa, ambamo mwanamume ndiye kitovu. Mtu anayerudi kurekebisha kazi aliyosifiwa kwayo, akijua kwamba sifa zenyewe zitapungua, kwetu sisi si msaliti. Ni mwalimu aliyerudi ubaoni akafuta kosa lake mbele ya darasa.

Dai la tatu ni kwamba katika Tehanu hakuna matukio. Tunashangaa kusikia neno hilo likitoka kinywani mwa walimu. Usiku wanaume wanaofuata mtoto wanapofika shambani, Tenar anafunga madirisha, anashika kisu, na hana hakika kwamba kitasa kitastahimili. Ged anafika akiwa na uma wa kuzolea majani makavu mkononi. Yule aliyewahi kulishinda joka la Pendor kwa kulitaja jina sasa anapigana kama mkulima yeyote angalivyopigana, kwa hofu, na baadaye anatetemeka kwa sababu ya damu aliyoimwaga. Ikiwa hilo si tukio, basi hatujui maana ya tukio. Kisha anarudi baharia Spark, mwana wa Tenar, na kulichukua shamba la marehemu baba yake kuwa lake kwa mujibu wa sheria, na anaona kuwa kuosha sahani aliyolia hakumhusu. Mama anajiuliza alikosea wapi katika kumlea. Suala la mjane na shamba la mumewe halihitaji ufafanuzi kwa msomaji wa nchi zetu. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba hapa hakuna kinachotokea anafundishwa, bila yeye kujua, kwamba katika nyumba yao pia hakuna kinachotokea.

Tumeahidi kuzitaja ila za kitabu, nasi hatutaki kuonekana mawakili waliolipwa. Ila kubwa imo katika mwisho. Kwa kurasa nyingi kitabu kimetufundisha kwamba hakuna uwezo utakaoshuka kutoka juu kuwaokoa wanyonge. Kwamba watu hawana budi kuvumilia, kupendana na kulindana. Halafu, Tenar na Ged wanapofungwa kwa sihiri na kufikishwa ukingoni mwa genge na Aspen, adui yao, mtoto Therru anaita kwa Lugha ya Kale, joka linakuja, na maadui wanateketea kwa mara moja. Tunaelewa maana yake: mtoto aliyedharauliwa alikuwa na ile lugha bila ya kufundishwa na shule yoyote. Wazo ni zuri, lakini limekuja kwa haraka mno, na linatatua kwa moto jambo ambalo kitabu kilikwisha kutuambia kwamba moto hauwezi kulitatua. Aspen mwenyewe ni ubaya mtupu. Anachukia wanawake, na zaidi ya chuki hiyo hatumjui. Mwandishi aliyeweza kutuonyesha udhaifu wa Spark kwa sahani moja angaliweza kutuonyesha na huyu. Tena jina dogo la kitabu lilidai kwamba hiki ndicho cha mwisho cha Earthsea, lakini mwaka 2001 vikatoka vingine viwili. Na kwa sababu ya mateso ya mtoto yanayosimuliwa humo, hatumshauri mwalimu yeyote awape wanafunzi wadogo kitabu hiki bila ya kuwaongoza.

Hizo ndizo ila, na msomaji ataona kwamba hakuna hata moja inayofanana na malalamiko ya wenzetu. Wao wanakilaumu kitabu kwa kutokuwa kile cha kwanza. Sisi tunakilaumu pale kilipoacha kuwa chenyewe. Ya kwanza ni kero ya mnunuzi. Ya pili ndiyo tahakiki.

Wala tusidhani kwamba habari hizi ni za Wamarekani peke yao. Mwaka huohuo wa 1990 Euphrase Kezilahabi alitoa Nagona, na mwaka uliofuata akatoa Mzingile. Wasomaji waliomjua kwa Rosa Mistika ya mwaka 1971, na kwa riwaya zilizoifuata, walikutana na dunia ya ndoto na mafumbo ambayo haikuwaonyesha njia ya kupita. Wengi walivunjika moyo, na malalamiko yakawa yaleyale: kwa nini hakuandika tena kama zamani? Wako walimu ambao mpaka leo huwaambia wanafunzi kwamba vitabu hivyo ni vigumu, na hapo huishia. Ugumu wenyewe haupimwi wala hauulizwi umetoka wapi, kama kwamba neno “kigumu” ni hukumu ya mahakama.

Kuna mwendelezo mwingine ambao ndio ungalistahili hasira zetu, nasi huuacha upite. Ni ule unaorudia kitabu cha kwanza kwa majina mapya, kwa sababu cha kwanza kiliuzwa vizuri. Huo haumvunji moyo msomaji, kwa kuwa humpa alichokwisha kukila. Unamdumaza taratibu, naye anaondoka akishukuru. Mwalimu anayepima kila mwendelezo kwa kipimo cha kufanana anawaandaa wanafunzi wake kuwa wateja wa vitabu vya namna hiyo, na baadhi yao kuwa watunzi wake.

Tunashauri nini basi? Kwanza, kabla wanafunzi hawajaufungua mwendelezo wowote, waandike katika madaftari wanatarajia nini. Wakimaliza kusoma, waonyeshe mahali ambapo kitabu kiliachana na matarajio yao. Halafu wajibu swali moja tu: kilichokosekana ni kitu ambacho kitabu kiliahidi, au ni kitu tulichojiahidi wenyewe? Tumelijaribu zoezi hili. Ni swali dogo, lakini limezua mabishano ya Kiswahili ambayo hakuna zoezi la sarufi lililowahi kuyazua darasani mwetu.

Pili, tuyachunguze maneno tunayosimulia nayo. Baada ya kukisoma Tehanu hadi mwisho tulirudi darasani, tukawaambia wanafunzi kwamba tulikosea, na tukawaomba watafute neno moja litakalomfaa Ged na litakalomfaa pia yule mama wa kijijini. Yalipendekezwa maneno kadhaa, mengine ya kuchekesha, na mwishowe darasa likachagua “mjuzi wa majina”. Tuliposimulia upya kwa neno hilo, ile methali ya kudunisha wanawake haikupita tena kimya kimya. Mikono ilinyoshwa pande zote, ya wavulana na ya wasichana, kutaka kujua ni nani aliyeitunga na kwa faida ya nani.

Kwa hiyo jibu letu kwa mwenzetu aliyetaka kitabu cha nne kiachwe nje ya rafu ni kwamba tunaomba viwekwe vyote vinne, kwa mpangilio wake, na kando ya cha nne mwanafunzi aruhusiwe kuandika kwamba kimemvunja moyo, mradi aeleze ni kwa nini. Kama yeye au mwingine yeyote anaona tumepotoka, kurasa hizi ni za chama chetu sote, nasi tutaisoma hoja yake kwa makini. Hadi hapo, yule binti ameazima nakala yetu, na bado hajairudisha.